Siku Stirling Albion walipomfunga Rangers, mi nilikuwa naosha sufuria

Jumamosi moja msimu uliopita, saa mbili na kitu usiku, binamu yangu wa Tanga kanirushia picha ya mkeka wa kubeti. Hakuna salamu, hakuna shikamoo, na mi namzidi miaka sita, ni picha tu na mstari mmoja chini yake: "Mgosi, hawa Stirling Albion ndo akina nani kwani?"

Mkeka wenyewe timu kumi na mbili. Kumi na moja zimewaka kijani. Ya mwisho kabisa nyekundu, na ni hao hao Stirling Albion, aliwapa ushindi nyumbani wakashindwa kushinda. Hiyo ni ligi daraja la nne Scotland jamani, timu ambazo hata pale Scotland kwenyewe kuna watu hawazijui, lakini nenda kijiwe chochote cha kubeti, Tanga, Mombasa, Bujumbura, utakuta dogo anakuchambulia Forfar na Stranraer kama vile alisoma nao. Stenhousemuir wao wanaitamka Stenihausimuya na mi sijawahi kumrekebisha mtu maana nilivyowasikia Wascotland wenyewe wanavyoitamka hawako mbali sana na hapo.

Sasa binamu hakujua ameuliza nini. Nilimjibu kwa voisi ya dakika nne, alafu nyingine, alafu ya tatu, mpaka akaniandikia "sawa kaka ila wameniulia elfu kumi yangu". Nikaona bora niyaandike tu.

Nilifika Stirling Septemba 2012 kusoma masta ya mwaka mmoja. Mji mdogo, ngome juu ya mwamba, mto umejikunja kunja kama nyoka aliyeshiba, na ng'ambo ya mto kuna mnara mrefu wa William Wallace, shujaa wao wa kale, umesimama juu ya kilima ukiutazama mji wote. Mtu wa Tanga mimi. Nimekulia Mkwakwani, uwanja wa Coastal Union pale Tanga, baba alikuwa Coastal damu, yaani ule ubingwa wa 1988 alikuwa anausimulia kama mtu anayesimulia harusi yake. Kwa hiyo nilivyotua, baada ya kutafuta chumba na kujua mchele unauzwa wapi, kitu cha tatu nikauliza timu ya hapa ni ipi. Mwenzangu wa chumba cha pili akacheka. Kaniambia ipo, inaitwa Albion, ila usijisumbue, ni ya mwisho.

Nikasema ya mwisho kwenye ligi? Akasema ya mwisho kote.

Na alikuwa hatanii. Scotland wakati ule ilikuwa na klabu 42 kwenye madaraja manne, juu ligi kuu, SPL, yenye timu 12, chini yake madaraja matatu ya timu kumi kumi, na kule chini kabisa, Third Division, mkiani, walikuwa wamekaa Stirling Albion. Walikuwa wameshuka mara mbili mfululizo, 2011 wakashuka, 2012 wakashuka tena, mtu anayedondoka ngazi huku anahesabu vipandio.

Ila mwaka ule haikuwa ligi ya kawaida, na hapa inabidi nieleze kidogo hata kama wengine mnaijua. Rangers, ile Rangers ya Glasgow, yenye mataji ya ligi zaidi ya hamsini, ilifilisika. Februari 2012 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, ikawa inadaiwa mapesa mengi sana na mmoja wa wadai wakubwa alikuwa mamlaka ya kodi, TRA ya kwao, na mnajua TRA haina undugu. Juni mpango wa kulipa madeni nusu nusu ukakataliwa, kampuni ya zamani ikaenda kufungwa, mali na jina vikanunuliwa na kampuni mpya, kampuni mpya ikabisha hodi ligi kuu, ligi kuu ikawafungia mlango. Ikabaki madaraja ya chini. Tarehe 13 Julai zile klabu thelathini za chini zikakaa kupiga kura: Rangers waanzie daraja la kwanza, kwa sababu kuna hela ya televisheni na kila mtu atakula, au waanzie chini kabisa kama timu yoyote mpya? Klabu 25 zikasema chini kabisa. Tano tu zilitaka vinginevyo.

Hii kura mi huwa inanifikirisha mpaka leo. Klabu ambazo zinauza keki ili zilipe bili ya umeme zilitishiwa kwamba mpira wa nchi nzima utakufa njaa msipowapandisha hawa, na mashabiki wao wakawaandikia viongozi barua, wakasema mkipiga kura ya pesa sisi tiketi hatununui tena. Na viongozi wakasikiliza. Nijaribu kufikiria hilo kwetu... acha tu.

Kwa hiyo ligi niliyoikuta ilikuwa na Rangers upande mmoja, na upande mwingine Peterhead, Elgin, Montrose, Annan, Clyde, Queen's Park, Berwick, East Stirlingshire, na wetu. Tarehe 18 Agosti Rangers walicheza na East Stirlingshire pale Ibrox, uwanja wa Rangers, wakaingia watu 49,118, wakati ule ikatangazwa kuwa rekodi ya dunia kwa mechi ya daraja la nne. Hao East Stirlingshire wenyewe walikuwa hata uwanja hawana, wanapanga kwa Stenhousemuir.

Mechi yangu ya kwanza Forthbank nilienda kwa miguu, nikaulizia njia mara tatu, uwanja uko pembeni ya mji karibu na maduka makubwa ya kuuza vifaa vya ujenzi. Stendi mbili za viti zinazotazamana, nyuma ya magoli ni ngazi za zege hazina paa. Siti zinafika elfu mbili na mia kadhaa, watu tulikuwa labda mia nne. Sikumbuki tulicheza na nani siku ile, nakumbuka tu baridi na kwamba nilishangazwa na sauti. Mtu aliyezoea Mkwakwani au Taifa hajui kwamba mpira una sauti. Mpira ukipigwa unausikia puu, alafu unasikia beki anamwambia mwenzie "wako!", unasikia kocha anatukana, unasikia refa anamjibu mchezaji, na shabiki akipiga kelele mshika kibendera anageuka anamtazama kabisa usoni. Kuna mama mmoja alikuwa anamuita yule mshika kibendera kwa jina lake la kwanza. Anamfokea kama mtoto aliyekosea kutumwa dukani.

Nilikaa pembeni ya mzee mmoja mwenye koti la bluu lililochakaa viwiko, chupa ya chai miguuni, na begi la plastiki la sandwichi. Hakunisemesha nusu saa nzima. Alafu akaniuliza umetokea wapi, nikamwambia Tanzania, akatikisa kichwa kama vile nimesema kijiji cha jirani, akasema: mimi ndo mwenye hii timu.

Wazee, nilikaa vizuri. Nilirekebisha kola. Kwetu mwenye timu anakuja na Prado na walinzi, huyu kaja na sandwichi, nikasema basi hawa matajiri wa Ulaya ndo wanavyojificha. Nikampa pole ya matokeo kwa heshima zote. Ilichukua mpaka mapumziko kuelewa alichomaanisha: mwaka 2010 klabu ilikuwa na madeni, mashabiki wakachangishana kupitia umoja wao wakainunua yote, kila mwanachama kura moja. Kwa hiyo alikuwa mmiliki kweli. Na mama anayemfokea mshika kibendera naye mmiliki. Na yule kijana anayeuza jarida la mechi getini, mmiliki. Sio kwamba wazo lilikuwa geni kwangu, Simba na Yanga zimeishi miaka yote kwa kadi za wanachama, kilichonishangaza ni kwamba mpira ulipoisha huyu mmiliki wangu alichukua mfuko mweusi akaanza kuokota vikombe kwenye stendi. Nikamsaidia safu mbili. Sikuwa na pa kwenda.

Basi ikawa hivyo, mechi za nyumbani nakaa pale pale. Mzee alikuwa dereva wa basi zamani, sasa kastaafu, na alikuwa anajua historia ya timu kama watu wengine wanavyojua aya. Kwamba kabla ya vita timu ya mji iliitwa King's Park, mwaka 1940 ndege ya Mjerumani ikadondosha bomu uwanjani kwao, timu ikafa hivyo, na vita vilipoisha 1945 mfanyabiashara mmoja wa makaa ya mawe akaanzisha Albion, na wanasema jina lilitoka kwenye malori yake ya mkaa, aina ya Albion. Kwamba Desemba 1984 walimfunga Selkirk 20-0 kwenye kombe, ishirini bila, na alikuwepo. Na kwamba miaka mitatu tu kabla ya hapo, 1981, walicheza zaidi ya mechi kumi mfululizo bila kufunga goli hata la bahati mbaya, na huko pia alikuwepo. Hivi viwili alikuwa anavisimulia kwa sauti ile ile, na ile ya ukame ndo alikuwa anaipenda zaidi.

Sasa tuje kwenye Rangers. Nikimwambia Mscotland yeyote nilikuwa Stirling msimu ule, swali ni moja tu: ulikuwepo?

Sikuwepo.

Tarehe 6 Oktoba, Jumamosi. Rangers wanakuja Forthbank. Mpaka siku hiyo walikuwa wameshacheza ugenini mara tatu kwenye ligi na hawajashinda hata moja: 2-2 na Peterhead kwa goli la kuchomoa dakika za mwisho, 1-1 na Berwick, 0-0 na Annan. Lakini Stirling ndo timu ya 42 kati ya 42, hapa ndo watapumzikia. Tiketi mzee alikuwa amenisaidia kupata. Na mi nilikuwa nimepata kibarua cha wikendi, kuosha vyombo jikoni kwenye hoteli moja nje ya mji, na wiki mbili nzima nilimuomba msimamizi anibadilishie zamu. Kwanza alisema ataangalia. Alafu akasema kuna shughuli kubwa siku hiyo, watu mia na ishirini, asiyekuja Jumamosi asije tena. Hela ya kodi ya chumba ilikuwa pale. Tiketi nikamrudishia mzee ampe mtu mwingine, na kusema kweli roho iliniuma kitoto, nilikaribia kulia kwenye basi.

Kwa hiyo picha yangu ya mechi kubwa kuliko zote kwenye historia ya ile timu ni hii: sinki la chuma, maji ya moto mpaka kwenye viwiko, sufuria la supu lenye ukoko wa dengu chini ambao hautoki, na redio ndogo juu ya rafu ya sahani imewekwa kwenye mfuko wa nailoni isiingie mvuke. Mpishi mkuu alikuwa shabiki wa Celtic, mahasimu wa Rangers. Kipindi cha kwanza mapema tu, mtangazaji akapandisha sauti, nikasikia "Allison", nikasikia "Stirling", mpishi akageuka na mwiko mkononi akanitazama kana kwamba nimefunga mimi. Brian Allison. Moja bila. Kuanzia hapo hakuna aliyepika vizuri. Kila baada ya dakika mbili mpishi anafungua oveni bila sababu. Mi nasugua sufuria lile lile. Ikaenda mapumziko, ikarudi, dakika sabini, themanini, mhudumu wa kike ambaye mpira haujui kabisa kasimama mlangoni na trei ya vikombe anauliza kwani bado?

Ikaisha moja bila. Timu ya mwisho ya nchi nzima imemfunga Rangers. Mpishi alinikumbatia na aproni yake yenye mafuta, na yule msimamizi akaja kuuliza kelele za nini, akaambiwa matokeo, akasema tu "haiwezekani" akaondoka.

Na kumbe kuna mwingine ambaye hakuwepo. Kocha. Greig McDonald, kocha wa Stirling Albion, siku ile ile alikuwa anaoa. Alikuwa ameshapanga harusi yake, ratiba ikaangukia hapo, akawaachia timu wasaidizi, na wakashinda bila yeye. Kwa hiyo nikiulizwa ulikuwepo, huwa najibu hapana, mimi na kocha wote tulikuwa na udhuru.

Jumamosi ya nyumbani iliyofuata mzee alinisimulia lile goli tangu mwanzo. Desemba akanisimulia tena na mpira ulikuwa umeanzia mbali zaidi. Kufika Machi Allison alikuwa ameshapiga chenga watu ambao nadhani hawakuwepo hata benchi.

Sasa nikwambie kitu ambacho huwa sikipati nafasi ya kukisema, kwa sababu watu wakishasikia hiyo ya Rangers wanadhani stori imeisha. Mechi 36 zile. Timu kumi, kila mmoja unakutana naye mara nne, mbili kwako mbili kwake, na Rangers ni nne tu kati ya hizo. Zilizobaki 32 ndo ligi yenyewe. Kufika Februari beki wa kushoto wa Elgin unamjua kama jirani, unajua anaanza kuchoka dakika ya sitini, unajua ana hasira, unajua wa kwako akimvuta jezi atapata kadi. Na hawa watu wanatoka kazini. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi usiku, mchana ni walimu, mafundi, wengine wanafunzi. Straika wa Peterhead, Rory McAllister, aliyewafunga Rangers siku ya kwanza ya ligi, alikuwa fundi bomba. Anafunga Rangers Jumamosi, Jumatatu anazibua choo chako.

Na umbali. Peterhead iko juu kule pembeni ya bahari, mji wa wavuvi. Annan iko chini karibu na mpaka wa England, na Berwick imevuka mpaka kabisa, ni mji wa England unaocheza ligi ya Scotland, na wao mwaka 1967 waliwahi kumtoa Rangers kwenye kombe 1-0, kwa hiyo hayo mambo hayakuanza na sisi. Nilisafiri na basi la mashabiki mara mbili tu msimu mzima. Safari moja tumefika nusu ya njia, simu ikaita kwa mtu wa mbele, mechi imeahirishwa, uwanja umeganda, refa kakanyaga, kisigino hakiingii. Basi likageuka. Hakuna aliyelalamika. Mtu akafungua pakiti ya biskuti ikazunguka mpaka nyuma.

Baridi yenyewe sina maneno. Desemba mechi inaanza saa tisa alasiri, saa tisa na dakika arobaini jua limeshazama, kipindi cha pili chote ni taa. Chakula cha uwanjani ni pai ya nyama, ndogo, ya duara, mafuta yanachuruzika, na Bovril, ile ni kama supu nzito ya ng'ombe unayokunywa kwenye kikombe cha karatasi. Mi kwa sababu ya halali nilikuwa nakula chipsi za pakiti na kunywa chai, nikiwatazama wenzangu mvuke unawapanda usoni. Mzee alivyogundua, hakusema kitu, mechi iliyofuata sandwichi zake zikawa za mayai, na zikawa nne badala ya mbili.

Kuna bahati nasibu wanachezesha mapumziko, unanunua karatasi ya namba, hela inaenda kwa timu. Mwezi wa kwanza nikashinda. Namba ikatangazwa uwanja mzima, nikaenda kupokea zawadi kwa furaha zote, nikapewa furushi la buchani: soseji za nguruwe kilo mbili na bekoni. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nilirudi nalo mpaka nyumbani nimelishika mbali na mwili kama mtu aliyebeba paka wa mtu mwingine, nikamkabidhi jirani wa korido, akaniuliza mara tatu kama nina uhakika.

Nirudi kwenye mpira. Kuna kitu kimoja kinanisumbua mpaka leo na mashabiki wa Liverpool mtanielewa. Queen's Park, timu ya zamani kuliko zote Scotland, 1867, wakati ule bado walikuwa ridhaa kabisa, hawamlipi mchezaji hata senti, na mechi za nyumbani wanachezea Hampden, uwanja wa taifa wa watu elfu hamsini na kitu, wameingia mia tano. Msimu ule walikuwa na kijana wa miaka 18 beki ya kushoto. Celtic walikuwa wameshamtema akiwa mdogo kwa sababu ya ufupi. Agosti ya mwaka ule aliandika mtandaoni kwamba maisha ya umri huu bila hela ni taka, anatafuta kazi. Alikuwa anapokea simu za tiketi hapo hapo Hampden ili apate nauli. Anaitwa Andrew Robertson. Mwaka mmoja baadae Dundee United, kisha Hull, 2017 Liverpool, 2019 kanyanyua kombe la Ulaya.

Alicheza karibu kila mechi ya ligi msimu ule na Queen's Park walikuja Forthbank. Lazima nilimuona. Lazima alipita mita tano mbele yangu akikimbilia mpira wa pembeni. Na sikumbuki chochote! Nimejikamua kichwa miaka yote hii. Nakumbuka mvua, nakumbuka sandwichi, beki wa kushoto wa Queen's Park hayupo. Mzee yeye anadai alimuona na akasema siku ile ile huyu atafika mbali, ila mzee pia ndo yule wa lile goli la Allison.

Na Man United msicheke. Fergie wenu, Alex Ferguson, alianzia ukocha East Stirlingshire, 1974, hao hao waliokosa uwanja. Kuna kipindi, miaka ya elfu mbili mwanzoni, wachezaji wa pale walikuwa wanalipwa pauni kumi kwa wiki. Kumi. Msimu wangu walimaliza mkiani, wa kumi kati ya kumi, na hawakushuka popote kwa sababu kipindi kile chini ya pale hakuna, ukiwa wa mwisho unalala hapo hapo unaamka Agosti. Baadae wakaweka mlango, kuanzia msimu wa 2014/15 wa mwisho anacheza mtoano na bingwa kutoka ligi za mikoa, na mwaka 2016 wa kwanza kutupwa nje akawa East Stirlingshire. Edinburgh City wakachukua nafasi yao. Mi niliisoma habari ile nikiwa kwenye daladala Dar nikajikuta nimesema "masikini" kwa sauti, abiria wa pembeni akaniuliza kuna msiba?

Huku juu nako mambo yalikuwa yanaendelea, Novemba Victor Wanyama wetu wa Celtic, namwita wetu Wakenya mtanisamehe, akamfunga Barcelona kwa kichwa pale Celtic Park, mbili moja, usiku ule nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Jumamosi yake nikarudi Forthbank kutazama kipa anaokota mpira vichakani. Na sikuona kama nimeshuka, sijui nilielezeeje hilo. Celtic na Barcelona nilitazama kwenye skrini kama ambavyo ningetazama kwenye kibanda umiza pale Makorora. Hii nyingine nilikuwa ndani yake.

Rangers ubingwa waliuchukua tarehe 30 Machi, kwa sare ya 0-0 na Montrose, kinyonge kabisa, na wiki tatu kabla Annan walikuwa wameenda kuwafunga 2-1 Ibrox. Mwisho wa msimu wakawa na pointi 83, Peterhead wa pili 59. Namba kubwa, lakini ukiangalia bajeti zao na za hao wengine, mi naona ilikuwa aibu iliyovaa medali. Sisi tulimaliza wa saba. Kutoka wa mwisho wa nchi mpaka wa saba! Wamiliki wote walikuwa wameridhika.

Mechi ya mwisho mzee alinipa skafu yake, nyekundu na nyeupe, rangi zile zile za Coastal, hilo nilimwambia siku ya kwanza na alilipenda sana. Sio mpya, ilikuwa na kitobo cha sigara upande mmoja. Akaniambia tutaonana Agosti. Nilikuwa nimeshamwambia naondoka, anajua naondoka, lakini ndo wanavyoagana pale. Nikamwambia haya, Agosti. Mwaka uliofuata, 2014, walipanda daraja kwa mtoano, wameshapanda na kushuka tena tangu hapo, na kadi za Krismasi zilikuja mpaka mwaka fulani zikaacha kuja.

Haya yote ndo nilimwambia binamu kwenye zile voisi, sio kwa mpangilio huu. Hakujibu kitu muda mrefu. Nikamwambia wewe nenda kwa shangazi yako, ile hotpoti ya wali iliyovunjika kifuniko, angalia imefungwa na nini.

Kesho yake mchana kanitumia picha. Meza ya mama, hotpoti, na skafu imezungushwa mara mbili na kukazwa fundo, upande wenye kitobo umetokeza juu, na pembeni yake herufi nyeupe zimefifia lakini zinasomeka: STIRLING ALB, zilizobaki zimeingia kwenye fundo.

"Miaka yote nakula wali wa hawa watu," kaandika. Alafu baada ya dakika moja: "Jumamosi wanacheza na nani?"